Tibakemikali kabla ya upasuaji wa saratani ya ulimi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na wagonjwa na ndugu zao tangu siku majibu ya kinyama (kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kinachosomwa maabara) yanapotoka hadi siku ya kuingia chumba cha upasuaji. Yanahusu aina ya saratani ya ulimi iliyo ya kawaida kuliko zote, ile inayoanzia kwenye utando wa juu wa ulimi. Ikiwa tayari umeanza dripu, ruka hadi sehemu ya madhara, na usiache kusoma jibu kuhusu homa.

## Mambo ya msingi

Kemo, yaani tibakemikali, kabla ya upasuaji ni kitu gani hasa?

Ni dawa za kuua seli za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa kabla uvimbe haujakatwa. Mara nyingi hutolewa mizunguko miwili au mitatu, na mzunguko mmoja huchukua siku 21: siku chache za dawa, zilizobaki za mwili kujirudi. Baada ya hapo mgonjwa hupimwa upya, hupumzika kidogo, kisha hupasuliwa.

Usiichanganye na kemo inayotolewa pamoja na mionzi baada ya upasuaji. Hiyo ina kazi nyingine na ushahidi wake ni tofauti kabisa (tazama “Baada ya upasuaji bado nitahitaji mionzi?”). Mtu akikuambia “hata mimi nilipewa kemo,” muulize kwanza alipewa lini, kabla ya kisu au baada yake.

Je, hii ndiyo tiba ya kawaida ya saratani ya ulimi?

Hapana. Uvimbe ambao daktari anaweza kuuondoa wote, tiba yake ya kwanza ni upasuaji. Daktari hukata uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, kwa kawaida kama sentimita moja kila upande, na mara nyingi huondoa pia tezi za shingo. Nyama hiyo ikishasomwa maabara ndipo huamuliwa kama mionzi itahitajika, au mionzi na kemo kwa pamoja.

Suala la shingo huwashangaza wengi: kwa nini ikatwe na haina uvimbe wowote? Kwa sababu saratani ya ulimi hutuma seli kwenye tezi mapema, kabla mkono au picha haijaziona. Utafiti wa hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuata wagonjwa wa saratani ya kinywa ya hatua za mwanzo. Kati ya walioondolewa tezi palepale, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Kati ya waliosubiri mpaka tezi zivimbe, walikuwa asilimia 67.5.

Kuna tofauti gani kati ya ulimi wa mbele na shina la ulimi?

Kubwa. Theluthi mbili za mbele, yaani sehemu unayoweza kuitoa nje, huhesabiwa kuwa kinywa. Theluthi ya nyuma, lile shina, huhesabiwa kuwa koo. Saratani ya shina mara nyingi hutokana na virusi vya HPV, vilevile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na aina hiyo husikia mionzi vizuri. Kwa hiyo wapo wagonjwa wa shina la ulimi wanaopona kwa mionzi na kemo bila kukatwa.

Hapo ndipo ushauri mwingi wa watu wa karibu unapopotoka. Jamaa aliyepona “kansa ya ulimi bila kisu” huenda aliugua ugonjwa mwingine kabisa. Majibu yote yanayofuata yanahusu ulimi wa mbele.

Mbona saratani nyingine hupewa kemo kwanza bila ubishi?

Swali zuri, na watafiti wenyewe walianza na matumaini hayohayo. Mwaka 1991 utafiti wa Marekani kuhusu saratani ya zoloto, kisanduku cha sauti, ulionyesha kwamba kemo ikifuatiwa na mionzi iliwawezesha karibu theluthi mbili ya wagonjwa kubaki na zoloto zao, bila kuishi muda mfupi kuliko waliokatwa. Ikaonekana jambo la busara kujaribu hivyo kinywani.

Matokeo yakawa mengine. Milan, nchini Italia, wagonjwa 195 wa saratani ya kinywa inayoweza kukatwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine kemo mara tatu kisha upasuaji, wengine upasuaji moja kwa moja. Matokeo ya 2003 hayakuonyesha tofauti yoyote ya kuishi. Shanghai, nchini China, wakajaribu na dawa kali zaidi kwa wagonjwa 256 wa hatua ya tatu na ya nne. Matokeo ya 2013 yalisema jambo ambalo kila mgonjwa angefaa kulijua kabla ya kusaini fomu: uvimbe ulinywea kwa wagonjwa wanne kati ya watano, lakini kwa jumla hawakuishi muda mrefu kuliko waliokatwa moja kwa moja.

Kunywea kwa uvimbe na kupona, basi, ni mambo mawili. Wachache ambao saratani yao ilikufa karibu yote chini ya dawa waliishi vizuri zaidi, ila hakuna kipimo kinachomtambua mtu wa namna hiyo kabla ya kuanza.

## Nani hupewa, na kwa nini

Kama haiongezi maisha, kwa nini daktari ameipendekeza kwangu?

Huenda wewe si mgonjwa wa aina iliyochunguzwa Milan na Shanghai. Wale wote walikuwa na uvimbe unaokatika. Sababu ya kwanza na yenye uzito zaidi ya kutanguliza kemo ni uvimbe ambao kwa sasa daktari hana uhakika wa kuumaliza: umezama kwenye misuli ya chini ya ulimi hadi karibu na mfupa wa koo, umepanda kuelekea nyuma ya taya, au umevimbisha ngozi ya nje. Kukata na kuacha mabaki hakumsaidii mgonjwa. Kumpa mateso ya upasuaji mkubwa bila faida ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Kwa kundi hili ushahidi unatia moyo zaidi. Tata Memorial walichapisha taarifa za wagonjwa 721 wa saratani ya kinywa ambao uvimbe wao ulionekana haukatiki. Baada ya kemo, asilimia 43 waliweza kupasuliwa. Taarifa hizo hazina kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusizipe uzito uliopita kiasi, lakini bila kemo wengi wa hao wangeishia kwenye tiba ya kutuliza maumivu tu.

Sababu nyingine ni kujaribu kuokoa mfupa wa taya, kushiriki utafiti, na foleni ndefu ya upasuaji. Ya taya na ya foleni zina majibu yake hapa chini. Muulize daktari wako kwa maneno haya haya: “Kwangu mimi, kemo hii ni ya kazi gani?” Akikutajia kazi mahususi, mnaweza kuijadili. Jibu la “ili tupunguze uvimbe” peke yake halijatosha.

Kemo inaweza kuokoa taya langu?

Wakati mwingine. Kwenye utafiti wa Milan, waliokatwa mfupa wa taya walikuwa asilimia 52 kwa waliopasuliwa moja kwa moja, na asilimia 31 kwa waliotanguliziwa kemo. Mwaka 2022 Tata Memorial walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 68 uliolenga jambo hilohilo, na karibu nusu ya waliopewa kemo walibaki na taya zao.

Sharti ni kwamba uvimbe uwe umelikaribia taya tu. Ukishautoboa mfupa na kuingia ndani, mfupa huo utaondolewa hata dawa ikifanya maajabu.

Na ulimi wenyewe? Uvimbe ukinywea nitakatwa kidogo?

Usiiweke tumaini hilo mbele. Uvimbe haunywei kama barafu inayoyeyuka kutoka nje kuelekea ndani. Mara nyingi hufa kwa mabaka, na kati ya mabaka hubaki visiwa vya seli hai ambavyo jicho, kidole na picha haviwezi kuviona. Kwa hiyo kanuni ya upasuaji ni kukata kwa kufuata mipaka ya awali, ile iliyokuwepo kabla ya dripu ya kwanza.

Kwa sababu hiyo mipaka huwekewa alama mapema. Daktari huchoma vidoa vya wino kuzunguka uvimbe, hupiga picha, na huandika vipimo vyake. Kama umepangiwa kemo kisha upasuaji na hakuna aliyekuwekea alama wala kupiga picha ya ulimi, liulizie kabla dawa haijaanza. Baada ya mzunguko wa pili litakuwa limechelewa.

Foleni ya upasuaji ni miezi. Wamesema nipewe kemo wakati nasubiri. Nikubali?

Hofu ya kusubiri ni ya haki. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba kila wiki nne za kuchelewa upasuaji wa saratani, zikiwemo za kichwa na shingo, huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8. Kemo inayoizuia saratani isikue inaweza kuwa daraja la kuvukia, na hospitali nyingi zenye msongamano huitumia hivyo.

Ila daraja lazima liwe na ng’ambo. Pata tarehe ya upasuaji, au angalau wiki yake, kabla ya kuanza. Tatizo linalojitokeza mara kwa mara ni la mgonjwa kumaliza mizunguko mitatu, maumivu yakapungua, tarehe hana, mzunguko wa nne ukaongezwa, huku mwili ukichoka na saratani ikizoea dawa. Ikiwa kuna hospitali nyingine inayoweza kukupasua ndani ya wiki chache, kwa uvimbe unaokatika, hiyo ndiyo njia bora zaidi.

Nani hafai kupewa?

Mwenye figo dhaifu, aliyepungukiwa sana uwezo wa kusikia, mwenye ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa, au aliyedhoofika kiasi kwamba sehemu kubwa ya siku yuko kitandani. Baadhi yao wanaweza kupewa mchanganyiko mwepesi, lakini si ule wa dawa tatu unaoelezwa hapa chini. Uvimbe unaovuja damu sana au unaobana njia ya hewa hushughulikiwa kwanza kwa njia nyingine, pengine kwa kutobolewa tundu la kupumulia shingoni.

## Kabla ya dripu ya kwanza

Nitafanyiwa vipimo gani?

Majibu ya kinyama lazima yawe mkononi. Hakuna kemo ya kukisia. Kisha picha ya CT au MRI ya kinywa na shingo, na picha ya kifua, kwa kuwa mapafu ndiko saratani hii huenda kwanza ikitoka shingoni. Kina cha uvimbe ni muhimu kuliko upana wake: katika mpangilio wa hatua unaotumika sasa, uvimbe uliozama zaidi ya milimita 10 huhesabiwa mkubwa hata kama juu unaonekana mdogo.

Damu hupimwa kuangalia wingi wa chembe, figo, ini na homa ya ini ya virusi B, ambayo inaweza kulipuka wakati kinga imeshuka. Moyo hupimwa. Masikio pia, na kipimo hiki husahaulika sana: bila kujua ulivyokuwa ukisikia mwanzo, hakuna atakayejua dawa imekudhuru kiasi gani.

Meno yana uhusiano gani na haya yote?

Jino bovu ni mlango wa maambukizi wakati chembe nyeupe zimeshuka. Tena, karibu kila anayepewa kemo ya namna hii ataishia kwenye mionzi, na jino linalong’olewa kwenye taya lililokwisha kuchomwa na mionzi linaweza kuacha kidonda cha mfupa kisichopona. Yanayohitaji kung’olewa yang’olewe mwanzoni, na fizi zipewe muda wa kupona.

Nimeshakonda na kumeza kunauma. Nisubiri ninenepe?

Usisubiri, omba msaada wa lishe leo. Mirija ya kulishia, wa puani au wa tumboni, haimaanishi mgonjwa amefika mwisho. Ni chombo cha kumvusha kwenye tiba, na wengi huondolewa baadaye. Mwili uliokonda hustahimili kemo vibaya na vidonda vya upasuaji huchelewa kufunga. Pima uzito kila wiki kwa mizani ileile na umwambie daktari unaposhuka.

Bado nataka kuzaa.

Sema kabla ya dawa kuanza. Sisplatini, moja ya dawa za kemo hii, inaweza kuharibu mbegu za kiume na mayai. Kwa mwanamume, kuhifadhi mbegu ni jambo la siku moja au mbili. Kwa mwanamke ni kazi ndefu kidogo na huenda muda usiruhusu. Wote wawili watumie uzazi wa mpango wakati wa tiba na kwa miezi kadhaa baada yake.

## Dawa zenyewe na madhara yake

Hutumika dawa gani?

Mchanganyiko unaojulikana zaidi una dawa tatu: dositakseli, sisplatini na fluorourasili. Mbili za kwanza huingia kwa dripu siku ya kwanza, ya tatu hupita polepole kwa siku nne au tano, kwa mashine ndogo au kwa kulazwa. Tafiti mbili za mwaka 2007 ndizo zilizoupa umaarufu, zikionyesha kwamba dawa tatu zinashinda mbili kwa saratani za kichwa na shingo zilizoendelea. Lakini zilishindanisha kemo na kemo, na wagonjwa walimalizia kwa mionzi. Hazikuuliza kama kemo ni bora kuliko kisu cha mapema, ingawa mara nyingi hunukuliwa kana kwamba ziliuliza.

Mgonjwa asiyeweza dawa tatu hupewa mbili, kwa mfano sisplatini na fluorourasili au mchanganyiko wenye paklitakseli na kaboplatini.

Nitarajie madhara gani?

Kichefuchefu na kutapika ndivyo vinavyoogopwa zaidi, na siku hizi ndivyo vinavyozuilika zaidi, ilimradi dawa za kuzuia zimezwe kwa ratiba, bila kungoja utapike kwanza. Nywele hunyonyoka na hurudi. Uchovu huongezeka kila mzunguko.

Sisplatini hudhuru figo, kwa hiyo huambatana na maji mengi ya dripu, na nyumbani utahimizwa kunywa. Ukishindwa kabisa kunywa kwa siku nzima, au mkojo ukipungua na kuwa mweusi, rudi hospitali. Hudhuru pia masikio: mvumo usiokoma na kutosikia sauti nyembamba. Uharibifu huo mara nyingi haurudi nyuma, kwa hiyo utaje unapoanza, kabla ya dozi inayofuata. Ganzi ya vidole vya mikono na miguu inaweza kudumu miezi.

Mdomo wenye uvimbe tayari, kisha ukapata vidonda vya dawa, ni mateso maradufu. Sukutua mara kadhaa kwa siku kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, tumia mswaki laini, epuka dawa za kusukutua zenye pombe, na omba dawa ya maumivu yenye nguvu ya kutosha. Hakuna tuzo ya kuvumilia.

Homa ikinipata nifanye nini?

Joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika siku hizo maambukizi yanaweza kumuua mtu ndani ya saa chache. Baridi ya kutetemeka bila homa nayo ni ishara ileile. Usimeze dawa ya kushusha homa ili “uone itakavyokuwa asubuhi.” Waambie wa mapokezi kwa sauti kwamba uko kwenye kemo na una homa, usikae kwenye foleni ya kawaida. Kipimajoto kiwe nyumbani kabla ya dripu ya kwanza.

Kuna dalili nyingine za kukimbilia hospitali?

Maumivu ya kifua wakati fluorourasili inaingia: inaweza kubana mishipa ya moyo, na mashine husimamishwa mara moja. Kuharisha kusikokoma pamoja na vidonda vikali vya mdomo ndani ya siku chache za mwanzo kunaweza kuonyesha kwamba mwili wako hauna kimeng’enya cha kuivunja dawa hiyo. Kuna kipimo cha kulijua hilo mapema, na panapopatikana hufaa kufanywa. Damu inayomwagika kutoka kwenye uvimbe na kupumua kwa shida havihitaji maelezo.

Naweza kuchanganya na dawa za mitishamba?

Wakati wa mizunguko, hapana. Si suala la kudharau mitishamba. Figo na ini tayari zimebebeshwa mzigo, na dawa isiyojulikana kiwango chake inaweza kuziangusha, kisha lawama ikaangukia kemo. Kama umeshatumia, mwambie daktari bila haya, ajue anachokiangalia kwenye majibu ya damu.

Sigara, pombe na tambuu: kuna maana kuacha sasa?

Ipo. Anayeendelea kuvuta, kidonda chake hupona vibaya na mionzi humfaa kidogo. Popoo inayotafunwa kwenye tambuu inasababisha saratani yenyewe, hata bila tumbaku ndani yake. Pia kinywa kilichozoea vitu hivi kwa miaka kinaweza kuotesha saratani ya pili mahali pengine.

## Baada ya mizunguko

Tutajuaje kama dawa inafanya kazi?

Wewe mwenyewe utahisi kwanza: maumivu ya kupanda sikioni hupungua, ulimi huanza kutoka nje vizuri. Daktari hupapasa na kulinganisha na picha ya mwanzo, kisha CT au MRI hurudiwa, kwa kawaida baada ya mzunguko wa pili. Usikubali kumaliza mizunguko yote bila mtu kuangalia katikati.

Uvimbe umepotea kabisa. Bado nikatwe?

Ndiyo. Hakuna swali linaloulizwa kwa matumaini makubwa kuliko hili, na hakuna jibu lililo gumu zaidi kulitoa kwa mtu anayejiona amepona. Kwenye utafiti wa Milan, maabara haikuona saratani yoyote kwa asilimia 27 ya waliotanguliziwa kemo. Lakini ilijulikana hivyo kwa sababu walikatwa. Katika waliobaki, saratani ilikuwepo, na hakuna njia ya kuwatofautisha kwa macho wala kwa picha.

Kemo peke yake haiponyi saratani ya ulimi. Anayeishia hapo hupata miezi ya nafuu, kisha ugonjwa hurudi, mara nyingi ukiwa hausikii tena dawa zilezile na umepita pale ambapo kisu kingeweza kuufikia.

Na ukikua wakati niko kwenye kemo?

Dawa husimamishwa na daktari wa upasuaji humwona mgonjwa siku hizohizo, kama bado unakatika. Usipokatika, mazungumzo hugeukia mionzi na kemo kwa pamoja, au tiba ya kutuliza. Hatari hii ni moja ya sababu za kutoanza na kemo kwa uvimbe unaokatika tangu mwanzo.

Upasuaji hufanyika baada ya muda gani?

Wiki mbili hadi nne baada ya mzunguko wa mwisho. Mapema zaidi, chembe za damu hazijapanda na kidonda hakitafunga. Kuchelewa kunaipa saratani nafasi ya kuota upya.

Baada ya upasuaji bado nitahitaji mionzi?

Karibu kila mara, kwa kuwa uamuzi hutegemea hatua ya ugonjwa kabla ya kemo, hata kama maabara sasa inaona kidogo. Hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki sita hivi, na inafaa ianze ndani ya wiki sita tangu upasuaji.

Saratani ikikutwa kwenye ukingo wa nyama iliyokatwa, au ikiwa imepasua ganda la tezi ya shingo, sisplatini huongezwa kwenye mionzi. Hilo lina ushahidi imara: tafiti mbili za mwaka 2004, moja ya Ulaya na nyingine ya Marekani, ndizo zilizoliweka. Zamani ilitolewa dozi kubwa kila wiki tatu. Utafiti wa Japani wa 2022 ulionyesha dozi ndogo ya kila wiki haiko nyuma, na madhara yake ni nafuu. Hesabu hili mapema: figo na masikio yaliyochoshwa na kemo ya mwanzo yanaweza kukunyima kemo hii ya pili, ambayo faida yake inajulikana zaidi.

## Hali za pekee

Naishi na VVU. Nitapewa?

Unaweza kupewa, hasa kama virusi vimedhibitiwa. Usiache ARV hata siku moja. Taja majina ya dawa zako: tenofovi na sisplatini zote hugusa figo, na daktari anaweza kukubadilishia moja.

Mgonjwa ana miaka zaidi ya 70.

Umri peke yake haumzuii mtu kupasuliwa. Dawa tatu kwa pamoja ndizo zinazohitaji tahadhari, na kwa mzee mwenye uvimbe unaokatika, upasuaji wa moja kwa moja mara nyingi humchosha kidogo kuliko miezi ya kemo.

Nimesikia kuhusu dawa ya kinga badala ya kemo.

Hapa ndipo mambo yamebadilika kweli. Utafiti wa KEYNOTE-689, uliochapishwa mwaka 2025, uliwachukua wagonjwa 714 wa saratani za kichwa na shingo zinazokatika, wengi wao za kinywa. Kundi moja lilipewa pembrolizumabu, ndiyo hiyo dawa ya kinga, mara mbili kabla ya upasuaji na kuendelea nayo baadaye. Nusu yao walivuka miezi 51.8 bila ugonjwa kuendelea au kurudi, wakati kundi la tiba ya kawaida lilifika miezi 30.4. Marekani iliiidhinisha Juni 2025 kwa wenye uvimbe ulio na alama ya PD-L1, protini inayousaidia uvimbe kujificha na kinga ya mwili.

Dawa hii haiui seli moja kwa moja, huamsha kinga ya mwili, na madhara yake ni ya namna nyingine: tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo kulegea, mapafu au utumbo kuwashwa na kinga yenyewe. Bei yake ni kubwa kila mahali. Matokeo yake pia yasitumiwe kuitetea kemo ya kawaida, kwani hayo hayakupimwa.

Daktari mmoja anasema kisu kwanza, mwingine kemo kwanza. Nimsikilize nani?

Mara nyingi hawapingani kuhusu kemo. Wanapingana kuhusu swali la awali: uvimbe huu unakatika wote au haukatiki? Jibu la hilo analo daktari bingwa wa upasuaji wa kichwa na shingo anayefanya kazi hii mara kwa mara, akiwa na picha mbele yake. Bora zaidi ni kikao cha pamoja cha mpasuaji, daktari wa kemo, daktari wa mionzi na msomaji wa picha. Unapokwenda kuomba maoni ya pili, beba majibu ya kinyama yaliyoandikwa, picha zenyewe kwenye diski na si karatasi ya maelezo tu, na kama maabara itaruhusu, vile vipande vya kioo walivyosomea, ili visomwe upya.